Nilipuliza Dawa ya Mahindi Chumbani kwa Mama Mkwe

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nilimdanganya daktari huku mama mkwe wangu anapigania pumzi, kwa sababu ya aibu tu!

Naishi Kang'ata, Handeni. Tulipomaliza kuvuna mbaazi, vile vidudu vya shambani vyenye mgongo bapa, vinavyonuka ukivigusa, vikahamia ndani. Ukutani, kwenye mapazia, mpaka kwenye chandarua. Ukiponda kimoja, nyumba nzima inanuka!

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Korogwe. Siku ya pili kidudu kikadondoka kwenye chai yake. Akakitoa kwa kijiko, akacheka: "Mwanangu, hawa wageni wenzangu wamefika lini?"

Hakuwa na ubaya. Lakini mimi nilisikia ananiita mchafu.

Kesho yake, alipokwenda kumsalimia jirani, nikachukua dawa tunayoulia viwavi kwenye mahindi, nikapiga bomba chumba chake chote. Kuta, chandarua, hadi godoro! Vidudu vikapukutika. Nikafagia, nikafunga dirisha visirudi. Nikajiona mjanja!

Mama akarudi amechoka na jua, akaenda kujilaza. Sikumwambia kitu.

Alasiri nikasikia anatapika. Nilimkuta jasho linamtoka, mate yanamchuruzika, mwili unatetemeka. Mume wangu akampakia kwenye bodaboda, katikati yake na dereva. Mimi nikafuata na nyingine mpaka hospitali, Handeni mjini.

Daktari akauliza, "Kuna dawa yoyote ameigusa au ameivuta?"

Mume wangu akanitazama, maana mimi ndiye niliyeshinda na mama nyumbani.

"Hapana, daktari," nikasema. "Labda ni samaki wa jana."

Jamani! Wakaanza kumtibu tumbo. Mimi nakaa kwenye benchi, nasimama, nakwenda bombani kunawa mikono, narudi, nanawa tena. Nilipoona pumzi zinamkatika, nikamkimbilia nesi: "Ni dawa ya mahindi! Nimepuliza mimi, chumbani kwake!"

Wakabadilisha matibabu palepale. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini wakati namwambia nesi, mume wangu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

"Yaani ungemwacha mama yangu afe ili wewe usiaibike?"

Nikarudi bombani, nikanawa mikono tena.

Mama yuko Korogwe kwa wifi yangu. Hakuambiwa. Kila Ijumaa ananipigia: "Mwanangu, Mungu akulipe. Ulinikimbiza hospitali." Naitikia, "Amina, mama." Mume wangu akiwa karibu, anainuka anatoka nje. Nikikata simu siwezi kutulia. Nazunguka uani, nafagia palipokwisha kufagiliwa.

Wenzangu, vidudu hivyo vinanuka tu, haviui mtu. Vizoeni kwa ufagio, vitieni kwenye maji ya sabuni, zibeni nyufa. Dawa ya shamba msiiingize ndani! Na daktari akikuuliza, sema ukweli kabla hajamaliza swali, hata kama mume, wifi na kijiji kizima wamesimama hapo.

Kesho ni Ijumaa. Mama atapiga, nami bado sijui nitamwambia nini.