Ulimi wa Zambarau

Nilipofika Kismayo, mama alinipokea mlangoni akicheka, na ulimi wake ulikuwa zambarau tupu. Nikajua mambo yameharibika kabla sijavua viatu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sitaki kudanganya mtu. Mama ana kisukari, na kidole kidogo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Kaka yangu yuko Ulaya tangu tulipotawanyika, na kwa kuwa yuko mbali hujiona daktari. Ndiye aliyetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: zambarau hushusha sukari, husafisha damu, hutia nguvu mishipa, mama anywe juisi yake kila siku. Hata Mombasa ninakokaa watu husema hivyohivyo, nami sikuona ubaya.

Ubaya ulikuwa kwenye jagi. Mtaa mzima uliusikia ule ujumbe, na kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Alasiri ikiingia, jirani anakuja na jagi limefunikwa sahani. Kesho yake mwingine. Maji ya visima vyetu yana chumvi, zambarau nayo ina ukakasi, na ukivichanganya mdomo unakunjamana. Kwa hiyo walitia sukari, tena bila huruma. Nilionja jagi la kwanza nikahisi meno yananiuma. Nikamtoa mama tone la damu, na kile kimashine cha kupimia kikagoma kutoa namba. Kilionyesha tu kwamba sukari imepita kiasi kinachoweza kusoma.

"Vidonge je, mama?"

"Vidonge vya nini, mwanangu? Dawa si hii nanywa?"

Nilishindwa kukaa. Nikazunguka ua, nikafungua friji, nikaifunga, nikaifungua tena. Majagi matatu yalikuwa yamepangwa mle ndani, na kila moja mama alijua limetoka kwa nani.

Asubuhi nikampeleka kwa daktari. Alipofungua kitambaa cha mguu wa kushoto, nyama iliyozunguka kidonda ilikuwa na rangi ileile ya ulimi. Daktari alizungumza Kisomali, polepole. Zambarau haina kosa, alisema, ina faida zake. Ale tunda zima na ganda lake, kiasi cha kiganja. Lakini haliwezi kushika nafasi ya vidonge, na sukari ya jagi itamkata mguu. Alisema mguu, hakusema kidole. Mama aliitikia kila neno kama anayesikiliza habari za mtu mwingine.

Tuliporudi nikasaga zambarau kwa maji ya chupa, bila sukari. Mama akaonja kidogo, akakisukuma kikombe, akasema kwa lahaja yetu ya kisiwani:

"Kichu hichi wampa mchu, au wamfukuza?"

Alasiri jirani akaja na jagi lake. Nikalipokea mlangoni, nikalimwaga uani palepale, mbele ya macho yake. Hasira zilinipanda, na hofu ndiyo iliyozipandisha. Jirani akachukua jagi tupu akaenda zake bila kuaga. Mama hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Wewe utarudi Mombasa," alisema. "Mimi n'tabaki na wachu hawa."

Neno hilo lilinichoma, maana ni kweli. Mimi nina simu tu. Wao ndio wanaomshika mkono akienda msalani.

Nikaenda kuomba radhi, na kesho yake jirani akarudi na sahani ya zambarau nzima na chumvi kidogo pembeni. Hivyo ndivyo yeye na mama walivyozila wakiwa wasichana Kudha, wakati zilipoletwa kisiwani kwa vikapu kutoka bara. Wakala moja moja, wakatema kokwa, kisha wanawake wawili wazima wakatoleana ndimi kuona nani kaiva zaidi. Nilicheka mpaka machozi. Mama akameza vidonge vyake mbele yetu sote bila kuambiwa. Nikaanza kuiogopa ile chumvi, lakini siku hiyo nilijizuia.

Sasa niko Mombasa, na kila nikipiga simu ya video jambo la kwanza mama hunitolea ulimi. Ni zambarau. Ila ulimi hausemi kama ni tunda au ni jagi, rangi ni moja, na mimi hubaki nazunguka chumba na simu mkononi.

"Nionyeshe mguu, mama," nilimwambia jana.

"Mguu mzima."

"Nionyeshe tu."

Akanung'unika, akaigeuza simu. Nikauona mguu juu ya mkeka, umeoshwa, umepakwa mafuta, vidole vyote vitano vimetulia, hauna bandeji wala kovu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, naye akaitikia amina upesi upesi.

Kisha nikaangalia upande kilipokaa kidole gumba. Ulikuwa mguu wa kulia.