Kibao cha Shingoni

Gunia la viazi kutoka Dundori likifunguliwa hapa kibandani kwangu, harufu ya udongo mbichi hunirudisha darasani kulekule Dundori, nikiwa na kibao cha mbao shingoni.

Kibao alivalishwa mtoto aliyenaswa shuleni akiongea lugha ya nyumbani. Ukitaka kukivua, umnase mwenzako. Mimi nilinaswa nikihesabu kwa Kikuyu, midomo ikicheza tu, kabla ya kuandika jibu. Na jibu lilikuwa sawa; nilikuwa nimelipigia hesabu mara mbili.

Jioni mwalimu akaniuliza, "Umemsikia nani? Mtaje, ama nikuchape wewe."

Nilikuwa nimesikia darasa zima. Rafiki yangu wa dawati moja, aliyenicheka kwa Kikuyu kutwa nzima, sasa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sijasikia mtu, mwalimu."

"Unaona? Lugha mbili zinagongana kichwani mpaka husikii."

"Hazigongani, mwalimu. Moja inahesabu, nyingine inakujibu."

Nikanyoosha mkono kabla hajaniambia. Kila kiboko kiliposhuka nilikihesabu kwa Kikuyu, kwa sauti, mpaka rafiki yangu akadakia, kisha darasa lote. Vibao vya kutuvalisha sote mwalimu hakuwa navyo.