Miguu ya Katekista

Kila tulipoanza kupanda kilima, katekista aliyeongoza hija yetu aligeuka, akajifuta uso kwa leso nyeupe na kusema kwa sauti yake ya kukwaruza, “Maumivu hayo mtoleeni Mungu.” Tulipopita Kalenga, Bibi Devota, aliyevimba kifundo cha mguu, aliomba kupanda pikapu ya mizigo. “Bibi, hija ni miguu,” alimjibu akimpigapiga begani, kisha akatangulia kututafutia mahali pa kulala.

Jioni kambini tulioshana miguu, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilipangiwa ya katekista. Niliisugua kidole kimoja kimoja, naye akipumua kwa uchovu. Kutwa nzima tulikuwa tumekula vumbi jekundu. Bibi Devota akachungulia beseni. “Usiyamwage, mjukuu wangu,” akasema. “Hayo bado safi, nioshe nayo mimi.”