Mtani Aliyefundishwa Kulegea

Tangu utoto wake kule Matombo, Stambuli hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anatafuta pa kwenda. Ndiyo maana alichuuza ndizi, mlimani hadi soko la Morogoro na kurudi, na ndiyo maana alivuma misibani. Ukoo wake na ukoo wa rafiki yake Alois walikuwa watani, naye aliubeba utani huo kwelikweli: mtu wa kwa Alois akifa, Stambuli huruka kaburini kabla maiti hajashushwa, akalala chali na kuapa hatoki mpaka wafiwa wacheke. Na walicheka, huku machozi yanawatoka.

Mwaka 1954 figo za Alois ziligoma. Alivimba miguu, kisha tumbo likajaa maji hata kupumua kukawa kazi. Hospitalini mjini wakaamua kuyatoa kwa sindano nene, lakini Alois alikaza mwili kwa hofu na maumivu. Mara mbili daktari aliahirisha. Dresa Gabrieli, mfunga vidonda wa wodi, mtu mzima mwenye subira, alimfundisha kuvuta pumzi taratibu na kulegeza mwili kipande kipande, kuanzia vidole vya miguu hadi taya. Wapi! Akilegea huku, anakaza kule.

Mke wa Alois, Theresia, akaona labda kicheko kitamlegeza. Akampelekea Stambuli ujumbe.

Kosa gani hilo! Alois alipomwona mlangoni, macho yalimtoka pima.

"Theresia, huyu umemwita wewe? Kumbe nimeshakufa, mnanificha tu?"

Akajikunja ndani ya shuka, akasema sindano haimgusi.

Stambuli aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Miaka yote alijisifia jina lake, kumbe kwa mgonjwa uso wake ulikuwa ni kaburi. Miguu ilimwasha akimbie. Lakini daktari alikwishasema, maji yasipotoka leo, Alois hafiki kesho.

Akajilaza sakafuni, kando ya kitanda.

"Dresa, nifundishe na mimi. Tangu nizaliwe sijatulia."

"Haya, mzee Stambuli. Legeza vidole."

Vidole vikalegea, goti likaanza kucheza. Shuka ikafunuka kidogo. Alois alikuwa anachungulia.

"Goti hilo, we mla ubwabwa wa matanga!"

"Nimeshaliacha."

"Hujaliacha. Vuta pumzi. Polepole, unahema kama mbuzi aliyekimbizwa! Hivi, nitazame mimi. Sasa taya. Umeuma meno, Stambuli, legeza!"

Alikuwa bado anamkaripia, mwili wake mwenyewe umelegea, wakati daktari anachoma sindano. Maji yakatiririka ndooni, na Theresia akalia kwa sauti bila kumwonea haya mtu.

Alois aliishi mpaka maharage yakavunwa. Kila maumivu yalipombana, Stambuli alitua mkungu wake wa ndizi, akajilaza chini, wakalegea pamoja, mmoja akimgombeza mwenzake.

Siku ya maziko watu walimsubiri Stambuli aruke. Hakuruka. Alishuka kaburini taratibu, akalala chali, akaanza na vidole, kisha magoti, kisha tumbo. Goti halikucheza hata kidogo. Alipofika kwenye taya, akashindwa. Aliuma meno, akangoja, na hapakuwa na mtu wa kumkaripia.