Kuku Aliyerudi Kutoka Kasongo

Dada mkubwa wa mke wangu alikuwa mgonjwa Kasongo. Ujumbe ulitufikia Alhamisi: njooni, anamuulizia mdogo wake. Sisi tunakaa kijijini, upande wa Wamaza. Mke wangu alitaka tupande pikipiki Ijumaa asubuhi, tufike siku ileile. Mimi nikapanga safari kwa namna yangu.

Ijumaa tungetembea na vijana wanaosukuma baiskeli za mawese hadi Kasongo, tulale njiani kwenye nyumba ya kanisa, ambako muumini hatozwi kitu. Jumamosi tungepanda pikipiki kumalizia njia. Jumapili tusali, Jumatatu turudi. Pesa itakayobaki nilikwisha kuipa kazi. Kule Kasongo mzee mgeni huitwa mbele ya kanisa asalimie, kisha huweka sadaka watu wote wakimtazama. Nilitaka kuweka noti safi.

"Na akituacha kabla hatujafika?" mke wangu aliuliza.

"Mama, Mungu hana haraka," nikamjibu, nikamsomea Zaburi.

Akamfunga miguu kuku mweupe wa kumpelekea dada yake salamu.

Wasukuma baiskeli walitutania njia nzima. "Mama, huyu muzee anakupeleka Kasongo ao anakuzungusha tu mu shamba?" mmoja alisema. Mwenzake akadakia, "Acha, iko anamutafutia mbingu kwa miguu!" Nami nilicheka nao. Mke wangu hakucheka. Kisigino chake kilikuwa kimechubuka tangu saa nne, na kila pikipiki iliyotupita aliitazama mpaka vumbi likatulia. Zilipita tatu. Ya tatu haikuwa na abiria, na mwendeshaji akapunguza mwendo. Nilimpungia mkono aendelee.

Tulifika Kasongo Jumamosi adhuhuri. Matawi ya mchikichi yalikuwa yamesimikwa mbele ya ua. Pikipiki haijasimama, nikajua ni msiba.

Binti wa marehemu alitoka kutupokea. "Baba mudogo, mumefika? Mama amefunga macho leo alfajiri. Jana jioni aliomba tumukalishe inje. Kila pikipiki ilipopita alisema, 'Ile iko ya mudogo wangu.' Alisema vile mpaka akachoka." Kisha akamwona kuku. "Na huyu? Mulizani ni harusi?"

Wanawake waliokaa mkekani waligeuka kumtazama kuku, naye akapiga kelele.

Nilimnyooshea binti yule kuku. Hakumpokea. Kwao kuku wa salamu huliwa na yule aliyeletewa. Mwenyewe akiwa amekufa, kuku hurudi na aliyemleta. Mke wangu aliijua desturi hiyo kuliko mimi, lakini hakunizuia kusimama pale nimenyoosha mkono mbele za watu.

Tulizika jioni ileile. Jumapili nilikwenda kusali peke yangu. Waliniita mbele, nikasalimia vizuri, sauti haikutetemeka. Nilipotia mkono mfukoni, mfuko ulikuwa mtupu. Niliinamisha kichwa mbele ya kapu la sadaka kama mtu anayeomba, kisha nikarudi kwenye benchi.

Nilimkuta mke wangu matangani, miguu yake imefungwa vitambaa.

"Pesa nimechukua mimi," alisema, bila kuinua sauti. "Nitabaki mpaka matanga yaishe, kisha nitarudi kwa pikipiki. Wewe tangulia."

"Nitangulie na nini, mama?"

"Na miguu. Mungu hana haraka, muzee."

Wanawake walicheka, hata binti wa marehemu, mwenye macho mekundu. Nilimchukua kuku nikaondoka. Vijana wa baiskeli nilirudi nao. Hawakunitania tena, na hilo liliniuma zaidi.

Mke wangu alirudi baada ya majuma matatu. Alimkuta kuku bado nimemfunga kamba mguuni, akamfungua, akamwachia uani. Hatumchinji, hatumuuzi. Amezeeka, hatagi tena. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemtupia mahindi, nikimshukuru Mungu kwa siku mpya, na mke wangu husimama mlangoni akitazama mpaka nimalize.