Niliona Anayumba, Nikasingizia Mteremko

Kosa nililifanya mimi, tena nikiwa na akili zangu timamu. Sitasingizia pombe wala shetani. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana kuna sehemu ambayo hata dada yangu haijui.

Mimi ni mwongoza watalii Mlima Kilimanjaro, mwaka wa kumi na sita sasa. Kila jioni kambini nawauliza wageni wangu: kichwa kinauma? Umetapika? Nikimtilia mtu shaka, namwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, hewa nyembamba ya juu imeshamgusa ubongo; safari yake imeisha. Namshusha hata kama kilele anakiona. Kuna mzee mmoja alilia, akanitukana kwa lugha yao, nikamshusha hivyo hivyo.

Huku kijijini, Uru, nilikuwa pia kocha wa timu ya mpira ya wasichana. Golikipa alikuwa mtoto wa dada yangu, miaka kumi na sita. Nimwite Manka, ingawa si jina lake. Alikuwa hodari kiasi kwamba wazee waliosema mpira si wa mabinti walikuja uwanjani kumwangalia yeye tu.

Desemba ile watu walikuwa wamerudi kutoka Dar kula Krismasi nyumbani, na uwanja ulijaa. Jumamosi tulicheza nusu fainali na timu ya Chekereni, kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Manka akajitupa miguuni mwa mshambuliaji, goti likamgonga pembeni ya kichwa. Akalala kidogo. Alipoinuka, akatembea moja kwa moja kwenda kusimama kwenye goli la wapinzani. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Wakati wa mapumziko akanifuata pembeni.

"Mjomba, kichwa kinanigonga. Naona vitu viwili viwili."

Nikamwambia atembee kwenye chaki ya uwanja. Hatua ya nne akayumba. Nikamwambia arudie, akayumba tena, akanishika bega. Rafiki yangu, nilijua. Angekuwa mgeni wangu kambini, ningekuwa nimeshaanza kumfungia mizigo. Lakini uwanja wetu uko mteremkoni, kona moja juu na nyingine chini. Basi nikajiambia kwamba ni mteremko tu.

"Usimwambie mama yako," nikamwambia. "Akisikia, fainali huchezi. Kunywa maji, utatulia."

"Sawa, mjomba."

Kocha wa Chekereni alikuwa amesimama si mbali, akaja. "Kocha mwenzangu, mtoe huyo binti. Macho yake hayako sawa."

Nikamjibu akashughulike na mpunga wake. Nilidhani anatafuta ushindi wa bure.

Tulishinda. Jumapili, baada ya ibada, Manka akatapika. Dada, ambaye hakuwepo uwanjani, akaniuliza kama kuna kitu kilitokea, nikasema ni nyama za sikukuu. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameketi jikoni kwenye giza, hataki mlango ufunguliwe kwa sababu mwanga unamuumiza. Nilisimama pale mlangoni na nikapata nafasi nyingine ya kuwa mtu mzima. Badala yake nikamwambia tunachelewa fainali.

Kwenye fainali haikuwa hata shuti. Ilikuwa krosi nyepesi, mpira ukamparaza kichwani ukatoka nje. Manka akageuka kunitafuta pale nilipokaa. Halafu miguu ikamwishia nguvu.

Hospitalini Moshi daktari alinieleza taratibu. Ubongo ulikuwa umetikisika tangu Jumamosi na ulihitaji kupumzika. Ukipigwa tena kabla haujapona, hata kidogo tu, unaweza kuvimba na kuua. "Hakulalamika kichwa?" akaniuliza. Nikamuuliza atalazwa siku ngapi.

Hakufa. Lakini Manka yule tuliyemjua hakurudi nyumbani. Huyu wa sasa anasahau maziwa jikoni mpaka yanamwagika. Akisoma kurasa mbili anashika kichwa. Shule ameacha. Siku zile tatu hazikumbuki hata chembe.

Miezi ikapita, nikashindwa kuvumilia. Nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa, nikaenda kwa dada. Huku kwetu mtu akikujia na isale kuomba msamaha, humfukuzi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akaliangalia lile jani muda mrefu. Mwisho akalipokea. "Nimelipokea kwa sababu ni isale. Ungekuja mikono mitupu, nisingekufungulia. Sasa niambie kitu kimoja. Mwanangu alikuambia anaumwa?"

Nikasema hapana. Isale iko mkononi mwake, na mimi nikasema hapana.

Dada akalia, akamwita Manka kutoka ndani. "Kwa nini hukusema, mwanangu? Kwa nini ulinyamaza?"

Manka akasimama pale mlangoni, akijaribu kukumbuka. Maneno yanamjia polepole siku hizi. "Nisamehe, mama," akasema. "Labda niliogopa."

Na mimi nikanyamaza. Tangu siku hiyo Manka ndiye anayebeba lawama. Majirani wanamtaja kwa watoto wao kama mfano wa mtoto aliyeficha ugonjwa, naye anaitikia kwa kichwa. Ninapanda mlima na kushuka, nawauliza wageni vichwa vyao, na sauti yangu mwenyewe inanitia hofu.

Wewe unayefundisha watoto michezo, mtoto akigongwa kichwa mtoe. Akitapika, akichanganyikiwa, akiyumba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na mama yake asikie kutoka kwako. Kombe litashindaniwa tena mwakani. Na wewe mtoto unayecheza, ukiumia kichwa sema. Kocha akikuambia unyamaze, nenda kwa mwingine, na mwingine tena, mpaka apatikane wa kukusikia.

Kuhusu Manka nitasema hapa kile ambacho bado sijathubutu kukisema nyumbani kwa dada yangu. Mtoto hakuficha. Alisema mapema, alisema vizuri, na alimwambia mtu aliyejua maana yake.