Ngendo na Tope la Gakindu

Ngendo alikuwa akisambazia hoteli za Nyeri mayai kwa baiskeli ya milimani aliyoinunua ya mtumba kule Kenol. Ilikuwa na shoki ya nyuma, ule mtungi mdogo wa hewa unaokaa chini ya kiti na kumeza mitikisiko, na ndiyo sababu trei zake zilifika salama hata barabara ilipokuwa mashimo matupu. Akimaliza kazi alifungua kreti ya mayai na kuikimbiza baiskeli hiyo mabondeni kwa raha zake tu, mpaka watu wakamwambia ajiandikishe kwa mashindano ya baiskeli kule Gakindu.

Akajiandikisha. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa ulinata kama ugali ambao haujaiva. Alikuwa anawaongoza wanawake wote pale gurudumu la nyuma lilipoanza kurusha tope na vijiti moja kwa moja kwenye shoki. Mchanga ukakwaruza chuma, ukakata pete ya mpira inayozuia hewa. Hewa ikatoka, fyuu! Baiskeli ikakaa chini kama punda aliyekataa kazi. Ngendo akaisukuma hadi sokoni huku watu wakimcheka.

"Rudi kwa kuku!" mmoja akapaza sauti.

Usiku huo hakula. Ila alijua jambo moja: miguu yake haikuwa imeshindwa.

Kingori, fundi wa baiskeli mjini, alimwekea pete mpya, akamwonya kwamba tope likiingia tena, shoki yenyewe itakufa. Ngendo akaizungushia nailoni, akaikaza kwa kamba. Alipoifungua baada ya kuendesha siku chache, aliona nailoni haijasaidia. Mchanga uliopenya ulikuwa umenaswa ndani, unasaga chuma kama sandipepa.

Akaipeleka baiskeli barazani, ambako mama yake, Watiri, alikuwa anashona sare za shule.

"Mami, hii kitu imenishinda."

"Hebu ipande nione vile inafanya."

Ngendo akapanda, akadunda juu ya kiti. Watiri akasogeza miwani, akatazama mtungi ukifupika na kurefuka.

"Kumbe inachuchumaa! Na wewe umeivalisha suruali ya kubana. Mtu wa kuchuma kahawa anaachiwa nafasi kwa magoti."

"Na tope je?"

"Si umesema tope inatoka kwa gurudumu? Basi weka pazia hapo nyuma pekee. Huku mbele wacha wazi, uchafu ikiingia itoke, na upanguse."

Wakakata tyubu kuukuu ya lori, wakaifunga kati ya fremu na vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma kwa zile kanda za bandika-bandua za viatu vya watoto. Pazia la kwanza lilikuwa refu mno. Baiskeli ilipochuchumaa, mpira uligusa gurudumu na kunuka kama umeungua. Wakalipunguza. Mara hii likakaa vizuri, na Ngendo akalizoesha tope la kila bonde lililokuwa karibu. Kila akirudi, aliipangusa shoki kwa kitambaa, akakuta chuma kinang'aa.

Mwaka uliofuata mvua ilirudi Gakindu, kubwa zaidi. Kinya, bingwa kutoka Meru, alitangulia tangu mwanzo, na Ngendo akamfuata kwa mbali, tope likimpiga mgongoni. Baiskeli za wengine zilianza kukwama. Yeye alisikia lile pazia likipigwa, pa-pa-pa, na chini yake shoki ikipumua vizuri.

Kwenye mteremko wa mwisho, uliojaa mawe hadi mtoni, alimwona Kinya akirushwarushwa. Shoki ya baiskeli yake ilikuwa imekwama kwa tope, haimezi hata jiwe moja, naye alishika breki kwa mikono yote miwili. Ngendo akaachilia breki zake.

"Nipishe kulia, dada!"

"Pita! Pita!" Kinya akajibu, akajiweka kando.

Ngendo akapita. Mawe yalikuja, shoki ikayameza yote. Akavuka mto, akapanda kilima cha sokoni akiwa amesimama juu ya pedeli, mapaja yakiwaka moto, na alipogeuka hakuona mtu nyuma. Hapo ndipo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, bado anakanyaga.

Alipovuka mstari wa mwisho, wanawake wa sokoni waliacha mboga zao wakapiga vigelegele. Kinya alipofika, alitupa baiskeli chini akamkumbatia, kisha akachungulia chini ya kiti.

"Ati ni nani alikushonea hii?"

Ngendo alinyoosha kidole. Watiri alikuwa anapasua umati kwa viwiko, nguo yake ya kanisani imerowa hadi magotini, anaimba kwa sauti. Akaushika uso wa binti yake uliojaa tope, akaubusu hivyo hivyo.

"Ni mimi," akamwambia Kinya, midomo ikiwa myekundu kwa udongo. "Na huyu pia nilimtengeneza mimi!"